Baada ya Kisu, Baridi ya Chumbani

Mwaka 1962, katika hospitali ya Wrightington kaskazini-magharibi mwa England, daktari bingwa wa mifupa John Charnley alianza kuwawekea wagonjwa nyonga bandia ya muundo ambao, pamoja na mabadiliko mengi ya vifaa, ndio msingi wa upasuaji huo hadi leo. Enzi hizo mgonjwa alilazwa kwa wiki kadhaa. Aliogeshwa, alilishwa na kufundishwa kutembea upya, na yote hayo yalifanyika ndani ya wodi iliyopashwa joto kwa fedha za serikali. Siku hizi mzee wa miaka 74 anayepasuliwa nyonga Jumatatu huenda Jumatano akawa ameshafika kwake. Hayo ni maendeleo ya kweli. Tangu miaka ya 1990 daktari mpasuaji wa Denmark, Henrik Kehlet, na waliomfuata wameonyesha kwamba mgonjwa anayeinuliwa kitandani mapema, akala mapema na kurudi nyumbani mapema, mara nyingi hupona vizuri kuliko anayebembelezwa alale. Lakini wodi ilipofupisha muda wake, kazi ya wodi haikufutwa. Ilihamishiwa nyumbani. Magongo yalihamishwa, kiti cha kuinua choo kilihamishwa, sindano za kuzuia damu kuganda nazo zikatiwa kwenye mfuko wa dawa. Joto lilibaki hospitali.

Kwa mstaafu anayepona katika majira ya baridi, joto la chumba ni sehemu ya matibabu, kwa maana ileile ambayo bandeji na vidonge ni sehemu ya matibabu. Nchi inayolipia upasuaji wa maelfu ya pauni kisha ikaacha joto la chumba cha mgonjwa liwe bili yake binafsi inayakata matibabu hayo katikati. Natumia mfano wa Uingereza kwa sababu ndiyo nchi iliyochunguza jambo hili kwa muda mrefu, ikaliandikia miongozo, ikaligombania bungeni, na bado haijalitatua. Tena ni nchi ambako Waswahili si wachache, miongoni mwa wagonjwa na hata zaidi miongoni mwa wanaowauguza.

Tuanze na siku yenyewe, maana hoja za sera huwa rahisi mno zikielea juu ya maisha ya watu. Katika wiki za mwisho wa Desemba jua la London huchomoza saa mbili asubuhi, na kufikia saa kumi alasiri limekwisha kuzama. Mstaafu aliyetoka kupasuliwa nyonga huamka gizani. Nyumba ya kawaida ya Kiingereza ina ghorofa mbili nyembamba: jiko na sebule chini, vyumba vya kulala na mara nyingi bafu juu. Kwa hiyo jambo la kwanza la siku ni ngazi, na utaratibu aliofundishwa ni kwamba wakati wa kupanda mguu mzima hutangulia, na wakati wa kushuka hutangulia ule uliopasuliwa. Wagonjwa wengi huelekezwa wasiiname kupita kiasi wala kukunja mguu kupita pembe mraba kwa wiki za mwanzo, hivyo kuvaa soksi tu ni shughuli ya dakika kadhaa na kifaa maalumu chenye kamba, kama hakuna mtu wa kusaidia. Kisha kuna dawa ya kuzuia damu kuganda, vidonge au sindano ya tumboni ambayo mgonjwa hufundishwa kujidunga mwenyewe, na kwa wengi huendelea kwa takriban mwezi mmoja. Kuna dawa za maumivu, ambazo zenye nguvu hufunga choo na kulevya kichwa. Halafu kuna mazoezi: kukaza paja, kuinua kisigino, kusimama ukishika meza, kutembea kidogo ndani ya nyumba, na kurudia hayo mara kadhaa kila siku.

Sasa weka shughuli zote hizo ndani ya nyumba ambayo sebule ina nyuzijoto 17 hita ikiwaka, ukumbi una 12, na chumba cha juu kina 11. Mtu mzima mwenye afya atavuta sweta, atapika chai, ataendelea na mambo yake. Mgonjwa mzee atafanya jambo moja la busara kabisa kwa mtazamo wake: atabaki chini ya blanketi. Na hapo ndipo hasara inapoanza. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambamo wazee wenye afya njema, wa wastani wa miaka 67, walilazwa kitandani kwa siku 10 tu. Walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu, pamoja na sehemu kubwa ya nguvu zake. Hao hawakuwa wamepasuliwa, hawakuwa wamepoteza damu, hawakuwa na maumivu. Baridi ya chumbani haihitaji kumgandisha mtu ili imdhuru. Inatosha imfanye asiinuke, basi mazoezi yote aliyoandikiwa hubaki maandishi. Nadhani hii ndiyo njia kuu ambayo baridi huharibu kupona, na ndiyo isiyoonekana kwenye takwimu yoyote, maana hakuna cheti cha kifo kinachoandikwa kwamba marehemu alishindwa kutoka chini ya blanketi.

Njia nyingine zinaonekana zaidi. Mwaka 1996 jarida la kitabibu la New England lilichapisha utafiti wa Andrea Kurz, Daniel Sessler na mwenzao juu ya wagonjwa 200 waliopasuliwa utumbo mpana. Kundi moja lilipashwa joto wakati wa upasuaji. Jingine liliachwa joto la mwili lishuke hadi karibu nyuzi 34.7, kama ilivyokuwa kawaida ya vyumba vya upasuaji wakati huo. Vidonda vilipata maambukizi kwa asilimia 19 ya walioachwa wapoe, dhidi ya asilimia 6 ya waliopashwa joto, na walioachwa wapoe walikaa hospitali siku 2.6 zaidi kwa wastani. Sababu inaeleweka: baridi hubana mishipa midogo ya ngozi, damu hupungua kwenye kidonda, na pamoja nayo hupungua oksijeni ambayo seli za kinga huitumia kuua bakteria. Tangu hapo blanketi za hewa moto zimekuwa jambo la kawaida katika vyumba vya upasuaji vya nchi tajiri. Sidai kwamba sebule ya nyuzi 14 inashusha joto la ndani ya mwili kama meza ya upasuaji inavyofanya kwa mtu aliyetiwa nusukaputi. Haifiki huko, isipokuwa kwa wachache walio dhaifu sana. Ninachosema ni kwamba udaktari wenyewe umeshakubali kuwa joto ni tiba kwa saa mbili tatu za upasuaji. Ni vigumu kueleza kwa nini likome kuwa tiba mlango wa hospitali unapofungwa nyuma ya mgonjwa.

Kuna pia suala la damu. Katika miaka ya 1980 mwanafiziolojia William Keatinge wa London aliwaweka watu waliojitolea katika baridi ya kadiri, si ya barafu, kwa saa 6, akapima damu yao. Shinikizo lilipanda, damu ikawa nzito zaidi, na chembe zinazosaidia kuganda zikaongezeka. Mwili unapobana mishipa ya ngozi ili kuhifadhi joto, damu husukumwa ndani, maji huvuja kutoka kwenye mishipa, na kinachobaki ni damu nzito. Linganisha hilo na mfuko wa dawa wa mgonjwa wetu. Hospitali imempa dawa ya mwezi mzima ili damu yake isigande, kisha imempeleka kwenye chumba ambacho kwa saa 24 kinaisukuma damu hiyohiyo upande wa pili.

Kizingiti cha joto nacho hakina utata mkubwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa makazi na afya wa mwaka 2018, lilipendekeza angalau nyuzi 18 ndani ya nyumba kwa nchi za baridi na za wastani, na likasema wazee, watoto na wagonjwa huenda wakahitaji zaidi. Wazee wana tatizo la ziada ambalo vijana husahau: ngozi yao haihisi baridi haraka, na mwili wao hutetemeka kwa uvivu, kwa hiyo mtu anaweza kusema "mimi niko sawa" huku vidole vyake vimeshakuwa vya bluu. Ndiyo maana ushauri wa "washa hita ukisikia baridi" ni ushauri dhaifu kwa mtu wa miaka 80 mwenye dawa za maumivu kichwani. Kipimajoto cha bei ndogo ukutani humsaidia kuliko hisia zake.

Mpinzani wa kwanza atasema: vifo na magonjwa ya majira ya baridi yanatokana na mafua, siyo na vyumba. Ana nusu ya ukweli. Katika majira ya baridi ya 2017/18 ofisi ya takwimu ya Uingereza ilikadiria vifo vya ziada 50,100 katika England na Wales, idadi kubwa kuliko zote tangu 1975/76, na homa kali ya mafua iliyosambaa msimu ule ilikuwa na mchango mkubwa. Lakini mafua hayaelezi yote. Keatinge na mwenzake Gavin Donaldson, walipofuatilia vifo vya kusini-mashariki mwa England siku kwa siku, waliona kwamba vifo vya moyo hupanda ndani ya siku chache tu baada ya kilele cha baridi, wakati vifo vya mapafu huja baadaye, karibu wiki mbili. Kama mafua yangekuwa ndiyo chanzo pekee, moyo usingetangulia. Tena mafua na baridi havishindani. Mzee aliyelala chali siku nzima chumbani, akipumua juujuu kwa sababu kidonda kinauma, ndiye mwenyeji mzuri kuliko wote wa nimonia, virusi viwe vimetoka wapi.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, na ndilo lililonivuta kwenye mada hii. Kama baridi ndiyo inayoua, basi nchi zenye baridi kali zaidi zingepaswa kuzika watu wengi zaidi. Hali ni kinyume. Mtafiti Jonathan Healy alilinganisha nchi 14 za Ulaya kwa miaka ya 1988 hadi 1997: Ureno, nchi ya jua na mizeituni, ilikuwa na ongezeko la vifo vya majira ya baridi la asilimia 28, likiwa kubwa kuliko zote, Hispania na Ireland zilifuata kwa asilimia 21, Finland, ambako theluji hukaa miezi, ilikuwa na asilimia 10. Wapo wanaoziona takwimu hizi na kuhitimisha kwamba baridi haina kosa. Mimi naziona kama ushahidi bora kuliko wote wa hoja yangu. Baridi ya Helsinki iko nje ya dirisha. Baridi ya Lisbon iko ndani ya chumba cha kulala. Mfini amejengewa nyumba yenye kuta nene, madirisha ya vioo vitatu na joto linalotoka mtambo wa mji mzima. Mreno, na kwa kiasi kikubwa Mwingereza, ana nyumba iliyojengwa kana kwamba majira ya baridi ni ajali inayotokea mara moja moja. Zaidi ya theluthi ya nyumba za England zilijengwa kabla ya mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia, nyingi zikiwa na kuta za matofali ambazo ni vigumu kuzitilia kizuia-baridi, na madirisha yanayopitisha upepo.

Hapo ndipo unapoona kasoro ya ajabu katika msaada mmojawapo wa serikali ya Uingereza. Malipo ya hali ya baridi kali, pauni 25, hutolewa kwa baadhi ya watu wenye kipato cha chini wastani wa joto la nje unapofikia sifuri au chini yake kwa siku 7 mfululizo. Majira mengi ya baridi ya London hayafiki huko. Hucheza kati ya nyuzi 3 na 8, mvua nyembamba, unyevu ukutani, ukungu mweusi kwenye kona ya dari. Hiyo ndiyo hali inayomuumiza mgonjwa anayekaa ndani, na kwa kipimo cha malipo hayo hakuna lililotokea.

Wengine watasema: mzee avae nguo. Hoja hii haistahili kudharauliwa. Donaldson na wenzake walikwenda Yakutsk, mashariki mwa Siberia, wakakuta kwamba vifo kwa jumla havikupanda hata joto la nje lilipoporomoka kufikia karibu nyuzi 48 chini ya sifuri, na sehemu kubwa ya maelezo ilikuwa mavazi mazito ya manyoya nje na vyumba vya moto ndani. Nguo huokoa maisha. Ila zinamwokoa mtu anayetembea. Mgonjwa wa nyonga hawezi kuvaa suruali tatu wakati hata moja inamhitaji msaidizi. Hawezi kufanya mazoezi ya goti akiwa ndani ya mfuko wa kulalia. Kidonda kinahitaji kukaguliwa, bandeji kubadilishwa, mwili kuoshwa. Tena nguo hazipashi hewa inayoingia mapafuni. Chupa ya mpira ya maji ya moto, rafiki mkubwa wa wazee wa Uingereza, huongeza hatari yake: mguu ambao bado una ganzi baada ya upasuaji unaweza kuungua mwenyewe asijue. Wakati wa usiku, mzee anayelazimika kwenda haja mara mbili tatu hukabiliwa na uamuzi wa kutoka kwenye kitanda chenye joto, kupita ukumbi wa baridi, akiwa na magongo, kwenye giza, kwa haraka. Kuanguka baada ya kupasuliwa nyonga kunaweza kumrudisha mtu kwenye meza ileile.

Sasa fedha, ambazo ndizo kiini cha ugomvi. Serikali ya Uingereza hailali usingizi katika jambo hili, na si haki kusema inalala. Tangu 1997 kumekuwa na malipo ya mafuta ya majira ya baridi kwa wastaafu, yaliyofikia pauni 200 kwa kaya, au 300 kwa waliovuka miaka 80. Julai 2024 Waziri wa Fedha Rachel Reeves alitangaza kuyabana yawaendee tu wanaopokea ruzuku za kipato cha chini, na takriban wastaafu milioni 10 wakaachwa nje. Kelele zilikuwa kubwa, na Juni 2025 serikali ikarudi nyuma: watayapata wenye kipato kisichozidi pauni 35,000 kwa mwaka. Waliotetea kubana walikuwa na hoja: kwa nini fedha ya umma impe mstaafu mwenye nyumba ya milioni pauni mia mbili za kununulia mvinyo? Waliopinga nao walikuwa na hoja: karibu theluthi moja ya wanaostahili ruzuku hiyo ya wastaafu maskini hawaiombi kabisa, kwa aibu, kwa fomu ndefu, au kwa kutojua. Kwa hiyo kila ukikaza kichujio unawaacha nje wale uliokusudia kuwaokoa. Na lipo jambo la kushangaza: Taasisi ya Mafunzo ya Fedha za Umma ya London ilikokotoa mwaka 2011 kwamba kaya zilitumia takriban asilimia 41 ya malipo haya kwa nishati, wakati kama fedha zile zingekuwa fedha za kawaida tu, sehemu hiyo ingekuwa kama asilimia 3. Kuziita fedha za joto kulitosha kuzifanya zitumike kwa joto.

Hata hivyo naona pande zote mbili zinagombania swali lisilo sahihi. Zinauliza nani apewe kwa sababu ya umri au kipato. Haziulizi nani ametoka hospitali wiki hii. Sheria ya huduma ya jamii ya 2014 inaagiza vifaa vya kumsaidia mgonjwa nyumbani, vya chini ya pauni 1,000, vitolewe bure katika England, na huduma ya kumrejeshea mtu uwezo baada ya kulazwa hutolewa bila malipo hadi wiki 6. Yaani serikali iko tayari kumlipa mhudumu aje kila asubuhi kumvalisha mgonjwa soksi na kumsimamia mazoezi, na kumpa kiti cha choo. Chumba ambacho mazoezi hayo yatafanyika hakimo kwenye hesabu. Si kwamba wataalamu hawajui. Taasisi ya NICE, inayoandikia huduma ya afya ya England miongozo, ilipendekeza mwaka 2015 kwamba watu walio katika hatari wasiruhusiwe kurudi kwenye nyumba baridi. Lakini pendekezo lisilo na fungu la fedha hubaki juu ya rafu, na muuguzi wa zamu mwenye vitanda vya kufungua hana mamlaka ya kuwasha boila ya mtu. Katika majira ya baridi ya hivi karibuni, zaidi ya vitanda 12,000 vya hospitali za England vilikaliwa kwa siku na watu ambao kitabibu walikuwa tayari kutoka. Sababu ni nyingi, hasa uhaba wa wahudumu, na haitakuwa kweli kusema hita ingezimaliza. Ila hospitali yenye msongamano huo ina kila sababu ya kutaka mgonjwa aliyetoka asirudi.

Liko jaribio linaloonyesha mlango mwingine. Katika majira ya baridi ya 2021/22 huko Gloucestershire, wagonjwa wachache wenye maradhi yanayozidishwa na baridi waliandikiwa joto kama wanavyoandikiwa dawa: mradi ulilipia nishati yao, nyumba zikae na joto la kutosha, na msimu uliofuata ukapanuliwa kwa mamia ya kaya. Wagonjwa wa mwanzo walikuwa wachache mno kutoa hukumu ya kisayansi, na mtu makini atataka ushahidi mzito zaidi. Upo kwa sehemu. New Zealand, kwenye utafiti uliochapishwa 2007, Philippa Howden-Chapman na wenzake walichagua kwa bahati nasibu nyumba za kutiwa kizuia-baridi kati ya kaya 1,350. Vyumba vya kulala vilipanda nusu nyuzi tu kwa wastani, ongezeko ambalo mtu angelidharau. Lakini wakazi waliripoti afya bora, na siku za kukosa shule na kazi zikapungua. Hiyo nusu nyuzi inanifundisha pia tahadhari: kurekebisha nyumba ni kazi ya miaka, na mgonjwa wa Januari hawezi kuisubiri. Kwake, kulipiwa nishati ya wiki 6 zilezile ambazo serikali tayari inamlipia mhudumu ndiyo njia ya haraka. Na isiwe kwa kurejeshewa fedha baadaye. Kaya nyingi maskini hutumia mita ya kulipia kabla, ambayo Mtanzania angeitambua mara moja kama luku, na salio likiisha nyumba inapoa usiku huohuo. Makadirio ya bili ya mwaka kwa kaya ya kawaida yalipopanda kutoka pauni 1,277 hadi 2,500 mwaka 2022, wenye mita hizo ndio waliozima kwanza.

Msomaji wa Kiswahili huenda tangu mwanzo ana pingamizi lake, na kwa haki: watoto wako wapi? Mzee aliyepasuliwa anaachwaje peke yake na mita? Katika England zaidi ya watu milioni mbili waliovuka miaka 75 wanaishi peke yao, na upweke huo ni hatari yenyewe. Mtu wa kuchemsha uji, kuhesabu vidonge na kusema "baba, inuka tutembee hadi mlangoni" ana thamani ambayo hakuna hita inayoifikia. Lakini binti anayempikia babake mchuzi hapandishi joto la ukuta wa matofali. Familia za Kizanzibari zilizoishi Uingereza tangu baada ya mapinduzi ya 1964, na za Wabarawa waliokimbia vita vya Somalia, zina wazee wao waliozungukwa na watoto na wajukuu, na bado bili ya gesi inafika kwa kila mmoja sawasawa. Na tukumbuke ni nani anayeingia katika nyumba za wale wasio na watoto karibu. Kenya na Uingereza zilitiliana saini makubaliano ya wauguzi mwaka 2021; Waafrika Mashariki wengi wengine walikwenda kufanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani, wakizunguka kwa basi alfajiri kutoka mlango hadi mlango, wakipewa wakati mwingine dakika 15 kwa mteja. Huyo ndiye mtu wa kwanza kujua kwamba nyumba ya mzee ni baridi. Anaona pumzi yake mwenyewe jikoni. Katika mfumo uliopo hana karatasi ya kuandika jambo hilo pakafanyika kitu. Kumpa mamlaka ya kuomba salio la nishati kwa mgonjwa, kama anavyoweza kuripoti kidonda chenye usaha, kungekuwa mageuzi madogo kuliko yote yaliyogombaniwa bungeni.

Haya yote yanaweza kuonekana ya mbali kwa aliyeko Mombasa au Tabora. Hayako mbali kwa aliyeko Njombe, Makete, Limuru au Nyandarua, ambako Julai mtu hulala na mablanketi matatu, na kwenye nyanda za Kitulo umande huganda. Hospitali ya Ikonda huko Makete na ile ya Kijabe nchini Kenya ziko juu ya mita 2,000, na mgonjwa anayeruhusiwa kutoka huko wakati wa kipupwe anarudi kwenye nyumba ya bati isiyo na dari. Hapo hakuna bili ya gesi ya kugombania. Kuna jiko la mkaa, na familia yenye upendo huliingiza chumbani kwa mgonjwa na kufunga madirisha. Mkaa ulioshika vizuri, usiotoa moshi hata kidogo, bado hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu, inayoshika chembe nyekundu za damu na kuzinyima oksijeni. Mtu aliyetoka kupoteza damu kwenye upasuaji ndiye asiyeweza kabisa kuimudu hasara hiyo. Kwa hiyo swali la muuguzi wa Ikonda lingekuwa tofauti na la mwenzake wa Gloucestershire: mzee atalala chumba gani, kinapakana na jiko la kuni au la, kina dari? Dari ya mbao nyembamba au hata ya magunia yaliyoshonwa hupunguza joto linalokimbilia batini, na kuziba mwanya kati ya ukuta na bati juu ya kitanda ni kazi ya asubuhi moja, ambayo vijana wa nyumbani wanaweza kuifanya mzee akiwa bado wodini.